Imani na Dawa: Aliyeponywa Aende Akajionyeshe

Somo la vikundi vya ushirika na vya maendeleo. Mje na Biblia. Anayetumia dawa za kila siku aje pia na kadi yake ya kliniki.



Somo la safari hii limetokana na swali ambalo vikundi vingi vimekuwa vikituuliza: Je, mtu aliyeombewa, kisha akaendelea kumeza dawa, ana imani kweli? Swali lenyewe huulizwa kwa sauti ya chini, watu wakiwa wameshaanza kutoka, na mara nyingi anayeuliza ana dawa ndani ya mkoba wake.

Jibu letu ni kwamba anayo. Lakini jibu fupi halitoshi, kwa maana kuna watu wanaokufa kwa ajili ya swali hili. Wote tunakumbuka msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. Wengi wetu tulisema hao ni watu waliopotoka, sisi si hao. Ni kweli, sisi si hao. Hata hivyo kuna Shakahola nyingine ndogo ndogo ambazo hazitangazwi kwenye redio. Mtu mmoja nyumbani kwake ameacha dawa za sukari baada ya maombi. Mwingine ametupa za kifafa. Mazishi yanafanyika, tunaimba, tunasema Mungu amempenda zaidi.

MAMA ALIYEFUNGWA NA USHUHUDA WAKE

Katika matembezi ya nyumba kwa nyumba tulifika kwa mama mmoja wa makamo, mtu wa kanisa na mwenye bidii. Muuguzi tuliyekuwa naye alimpima presha akapata 190 kwa 110. Akampima tena baada ya kupumzika, ikawa ile ile.

"Mama, dawa zako unakunywa?"

"Hapana, mwanangu. Mimi nilishapona."

"Nani alikupima akakwambia umepona?"

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilishuhudia mbele ya kanisa. Sasa nikionekana kwenye foleni ya kliniki, watu watasema nini?"

Tafadhali someni maneno hayo mara ya pili. Mama huyu hakukosa imani, wala hakukosa akili. Alijua kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi. Kilichomzuia ni aibu. Alisimama, akashuhudia, watu wakapiga makofi, na kuanzia siku ile ushuhuda wake ukawa kama kamba shingoni. Kurudi kliniki kungekuwa kama kumwita Mungu mwongo mbele ya watu wote.

Mzee wa kanisa aliyetusindikiza alimwambia jambo la busara: "Mama, Mungu hataaibika wewe ukimeza dawa." Wiki iliyofuata mke wa mchungaji alimpeleka kliniki, wakakaa kwenye foleni pamoja, mchana, watu wakiwaona. Tunafikiri kukaa pale pamoja naye kulimsaidia kuliko hotuba yoyote.

BWANA ALIWATUMA WAPI?

Someni Luka 17:11-19, halafu Marko 1:40-45.

Tumezoea kuhubiri juu ya yule mmoja aliyerudi kushukuru, na ni vyema. Leo tuangalie njia waliyotumwa. Wale kumi wenye ukoma walipomlilia Yesu, aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Wa Marko 1 pia, ambaye Bwana alimgusa kwa mkono wake, aliagizwa aende kwa kuhani. Kwa nini? Si Yesu mwenyewe alikuwa ameshamponya?

Jibu liko katika Walawi 13 na 14. Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuiangalia ngozi. Aliangalia rangi ya nywele, aliangalia kama doa limeingia ndani, akamtenga mtu siku 7, akaangalia tena. Mtu hakujitangaza safi mwenyewe, wala jirani zake hawakumtangaza. Yule aliyepewa kazi ya kuchunguza ndiye aliyesema. Na Bwana, mwenye uwezo wote, hakumruka mtu huyo. Alimheshimu, akawatuma kwake hata watu aliowaponya kwa muujiza.

Leo kazi ile ya kuchunguza inafanywa na muuguzi, tabibu na mtu wa maabara. Kwa hivyo tunawaambia wapendwa wetu: ukiombewa ukaamini Mungu amekuponya, haleluya, nenda ukajionyeshe. Kama umepona, kipimo kitasema, na ushuhuda wako utakuwa na nguvu mara mbili. Kama bado, hujapoteza kitu. Mpaka siku hiyo endelea na dawa zako.

Wengine hutuambia kwamba kwenda kupimwa ni kumjaribu Mungu. Hapo wale kumi wanatujibu. Walitakasika walipokuwa wakienda. Kwenda kupimwa ndiko kulikokuwa kutii kwao.

"LAKINI NAJISIKIA VIZURI"

Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa hivyo tukae hapa kidogo. Kuna magonjwa ambayo dawa huyamaliza, kama malaria. Unameza siku chache, unapona, basi. Kuna mengine ambayo dawa huyashikilia tu yasikuumize. Kujisikia vizuri katika magonjwa haya mara nyingi ni alama kwamba dawa inafanya kazi. Nyumba yako imeezekwa mabati, mvua inanyesha usiku kucha na wewe umelala pakavu. Asubuhi utapanda juu ung'oe mabati kwa sababu hukulowa?

Presha haina uchungu kwa miaka mingi. Mtu anaweza kulima, kucheza na wajukuu na kuimba kwaya huku mishipa yake inaharibika, na habari ya kwanza anayoipata ni kupooza upande mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kwa hivyo ule msemo wa "mimi najijua mwili wangu" hausaidii hapa. Mwili haukwambii.

Sukari ni vivyo hivyo, lakini kuna wanaotegemea sindano ya insulini, hasa watoto na vijana. Hao wakiikosa, siku chache tu zinatosha kuwaua. Mchungaji anayemwambia mzazi amwachishe mtoto insulini anacheza na uhai wa mtoto, na tunasema hivyo bila kuuma maneno.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi 6. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, uzito unarudi, mgonjwa anasema nimepona. Akiacha hapo, wadudu waliobaki wanaweza kugeuka sugu, kisha akawaambukiza watoto wake kifua kikuu ambacho dawa za kawaida hazikiwezi.

Mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza ARV vizuri anaweza kufika mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakivioni. Huo ni wema mkubwa wa Mungu. Anaishi na nguvu zake, na hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Lakini virusi havijatoka mwilini, vimejificha, na dawa zikiachwa hurudi. Tumesikia karatasi ya namna hiyo ikipungwa juu madhabahuni kama cheti cha uponyaji. Karatasi ile ilisema dawa zinafanya kazi.

MSTARI WA MFALME ASA

Wanaopinga dawa wana mstari wao, nao ni 2 Mambo ya Nyakati 16:12. Tusiukimbie. Mfalme Asa aliugua miguu, ugonjwa ukazidi, na mwandishi anamlaumu kwa sababu hakumtafuta Bwana bali waganga.

Someni sura yote, msianzie hapo. Mwanzoni Asa alipoona vita, alichukua fedha na dhahabu za nyumba ya Bwana akazipeleka kwa mfalme wa Shamu amsaidie. Nabii alipomwonya alimtia gerezani. Huyu ni mtu aliyekuwa ameacha kuzungumza na Mungu kabla miguu haijaanza kumuuma. Kosa lake lilikuwa kumwacha Mungu nje ya ugonjwa wake. Linawahusu pia wale kati yetu wanaotoka kwa daktari mmoja hadi mwingine, wanauza ng'ombe mpaka wanamaliza, na hawajawahi kuita hata mtu mmoja aombe nao.

Mfalme mwingine, Hezekia, aliugua hata akaambiwa ataondoka. Alilia, akaomba, Mungu akamwongezea miaka 15. Halafu? Isaya, nabii yule yule aliyeleta jibu la maombi, akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu (2 Wafalme 20:1-7). Maombi yamejibiwa na dawa imebandikwa, siku moja, chumba kimoja. Timotheo naye alishauriwa na Paulo kuhusu tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Yule Msamaria alitumia mafuta, divai, kitambaa, punda na pesa. Luka aliyetuandikia habari hizi nyingi alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na hatusomi kwamba Paulo alimwambia aache kazi hiyo.

Tena tuangalie nyumbani. Waliotuletea Injili hapa Kenya walijenga kanisa, shule na hospitali. Kikuyu ilifunguliwa mwaka 1908, Chogoria ilianza mwaka 1922, Tenwek mwaka 1937, na ziko nyingine nyingi za Kikatoliki na za Kiprotestanti ambazo hatuna nafasi ya kuzitaja. Wazee wetu walitoa ardhi, wakabeba mawe na mchanga. Kama dawa ni upungufu wa imani, basi babu zetu walijenga nini?

KIFAFA: SI LAANA, WALA HAKIAMBUKIZI

Tumeombwa tulisemee hili kwa sababu ndilo ugonjwa unaoteswa kuliko yote kwa jina la maombi.

Watu hufungua Marko 9, mtoto anayetupwa motoni na majini, wanasema umeona, kifafa ni pepo. Sisi hatutabishana na habari ile. Lakini fungueni pia Mathayo 4:24, ambapo wagonjwa walioletwa kwa Yesu wanatajwa kwa makundi. Wenye pepo wanatajwa, na wenye kifafa wanatajwa mbali nao. Mathayo alijua si kitu kimoja. Na sisi tujue.

Kifafa hutoka kwenye ubongo. Chanzo kinaweza kuwa mtoto kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, na mara nyingine hakijulikani. Mahali ambapo nguruwe hutembea ovyo na watu hawana vyoo, mayai ya minyoo ya tegu hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, huingia mdomoni kwa mikono au mboga chafu, na yanaweza kufika hadi kwenye ubongo. Kwa hivyo wale vijana wetu waliochimba vyoo na kujenga vibanda vya nguruwe, huenda hawakujua, lakini walikuwa wanazuia kifafa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa dawa zinazofaa, kama watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka. Dawa kama fenobabitoni ni ya zamani na si ya bei kubwa. Hatari iko kwenye kuiacha ghafula. Mtu anaweza kupatwa na degedege moja juu ya nyingine bila kuzinduka, akafa. Daktari akiona inafaa kupunguza, atapunguza kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Mtu akianguka kanisani, msimzunguke wote. Ondoeni viti na vitu vya kumuumiza, wekeni kitu laini chini ya kichwa, na akitulia mlazeni kwa ubavu. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na msimshike kwa nguvu. Angalieni saa. Ikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, tafuteni gari mara moja. Povu lake haliambukizi mtu. Ombeni, lakini mmoja awe anaangalia saa.

KUFUNGA

Tutasema kwa kifupi. Kufunga ni jema na ni la Biblia, lakini hakuna mahali mgonjwa alilazimishwa. Anayetumia insulini au vidonge vya sukari, mama mjamzito au anayenyonyesha, mtoto, mwenye vidonda vya tumbo, anayemeza dawa za kifua kikuu au dawa nyingine zinazohitaji chakula, hawa waulize kwanza kwenye kliniki. Mtu wa sukari ikimshuka hutetemeka, hutoka jasho, huongea maneno yasiyoeleweka. Tunajua mahali ambapo mtu wa namna hiyo alidhaniwa amejazwa, kumbe alihitaji kikombe cha chai yenye sukari na haraka.

Asiyeweza kuacha chakula asijione ameachwa nje. Danieli 10:2-3 inasema aliacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu. Alikula, ila alijinyima. Unaweza kuacha nyama, kuacha simu, ukaombea jambo lile lile na wenzako.

ELIYA CHINI YA MTI

Someni 1 Wafalme 19:1-18 polepole, mtu mmoja akisoma kwa sauti.

Sasa tuje kwa ugonjwa usioonekana kwenye maabara. Tumezoea kusema fulani "ana mawazo", au "amelegea kiroho". Tuangalie nabii wa Mungu. Jana alikuwa juu ya Karmeli na moto umeshuka kutoka mbinguni. Leo amekimbia, amemwacha mtumishi wake, ameketi peke yake chini ya mti jangwani, na anaomba afe. Huyo si mchanga katika imani.

Angalieni Mungu alivyomtibu. Hakumkemea. Hakumwuliza imani yako ya jana iko wapi. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena. Akaguswa tena, akala tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kwake. Baadaye, nguvu zikiwa zimerudi, ndipo Mungu akamwuliza anafanya nini hapo, akamwacha aseme yote yaliyomo moyoni, na akamruhusu ayaseme mara mbili. Mwisho akamwambia hayuko peke yake, wako watu 7,000, na akampa Elisha wa kufanya kazi naye. Usingizi, chakula, mtu wa kukusikiliza, mwenzako wa kubeba mzigo. Muuguzi wa magonjwa ya akili angekwambia karibu hayo hayo.

Huzuni ya kufiwa ni kitu cha kawaida. Lakini mtu akipita wiki mbili akiwa kila siku hana furaha na chochote, halali au analala tu, hali au anakula bila kipimo, anajilaumu, hawezi kazi, anasema afadhali asingezaliwa, huo ni ugonjwa. Hapa kwetu wengi hawasemi nina huzuni. Husema kichwa kinauma, moyo unapiga, mwili wote unachoma, wamepimwa kila kitu na hakuna kilichoonekana. Wanaume hufunika kwa pombe au kwa ukali nyumbani. Mama aliyejifungua anaweza kumtazama mtoto wake asimtamani, akaogopa kumwambia mtu. Jameni, msimwambie mama huyo ati shetani amemwingia. Mpelekeni kliniki, mmbebee mtoto alale.

Ugonjwa huu hutibiwa kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa, na ukiwa mkali kwa dawa pia. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, kwa hivyo msikate tamaa mapema, wala msiziache ghafula bila daktari. Huduma haiko Mathari peke yake kama watu wanavyofikiri. Hospitali nyingi za kaunti zina kliniki ya akili.

Mtu akikwambia amechoka na maisha, mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, fungia dawa za shamba na za mifugo mahali asipofika, na umsindikize kutafuta msaada. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba ya bure, 1199. Zamani familia ziliogopa kwa sababu ya polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho cha sheria kinapingana na Katiba. Basi woga huo usiwazuie.

Na jambo moja tusilolipunguza makali: mgonjwa wa akili asifungwe minyororo, asichapwe, asinyimwe chakula ili pepo litoke. Haijalishi inafanyika kwenye uwanja wa kanisa gani. Mkiona, mwambieni chifu.

WAJIBU WA NANI?

Tukizungumza juu ya wajibu, wengine husikia lawama. Ugonjwa si ushahidi wa dhambi. Wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu yule kipofu, nani alitenda dhambi, na Bwana akakataa swali lenyewe (Yohana 9:1-3). Wajibu hauulizi nani alileta ugonjwa. Unauliza leo nifanye nini na mwili huu niliokabidhiwa.

Sehemu ya mwenyewe iko wazi. Punguza chumvi ya kuongeza mezani, acha sigara, tembea, lala, enda tarehe uliyoandikiwa, mwambie daktari miti-shamba unayotumia hata kama unaona haya. Kuna ndugu hukemea presha kwa sauti kubwa Jumapili, kisha Jumatatu wanaongeza chumvi kwenye nyama kabla hata ya kuionja. Viongozi nao wasome Kutoka 18. Yethro alimwangalia Musa akihukumu watu asubuhi hadi jioni, akamwambia kazi hiyo itamchosha yeye na watu pia. Mchungaji asiyepumzika mwaka mzima hatufundishi imani. Anatufundisha vibaya.

Lakini si kila aliyeacha dawa ni mkaidi. Kliniki iko mbali, nauli ya pikipiki ni mshahara wa siku ya kibarua, na mara nyingine anafika anaambiwa dawa zimekwisha. Huyo ukimhubiria wajibu unamwongezea mzigo. Hapo wajibu ni wa kanisa. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilibadilishwa na SHA, na asiye na mshahara huchangia kulingana na mapato yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kuwa hutakiwa kulipa ya mwaka kwa pamoja, yaani 3,600 au zaidi, wengi wanashindwa. Vikundi vyenye mzunguko wa pesa vinaweza kuweka kapu la pembeni, kila mwezi wanachama wawili watatu wanalipiwa. Kapu lingine liwe la nauli. Chama cha akina mama kinaweza kuwa na orodha ya nani ana kliniki wiki hii na nani atamsindikiza. Haya si mambo makubwa.

Na kwa wachungaji tuna ombi. Mtu akija kushuhudia uponyaji, mwulizeni kwa upole mbele ya watu: "Umeenda kujionyesha?" Kama bado, mpeni mtu wa kumsindikiza, na ushuhuda usubiri. Mkifanya hivyo kama desturi kwa wote, hakuna atakayeona anadharauliwa, na hakuna mama atakayeogopa foleni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kanisa letu, mtu anayemeza dawa kila siku anaweza kusema hivyo wazi? Kama hawezi, anaogopa nini hasa?

2. Soma tena 1 Wafalme 19. Kati ya vitu alivyopewa Eliya, ni kipi tunakitoa kwa mtu mwenye huzuni, na ni kipi hatukitoi?

3. Mtoto wa jirani ana kifafa na wazazi wamemtoa shule. Nani kati yetu atakwenda kuzungumza nao, na lini?

4. Nauli ya kutoka hapa hadi kliniki ni shilingi ngapi kwenda na kurudi? Wangapi kati ya wagonjwa wetu wanaishindwa?

Kikundi kitakachotaka kupimwa presha siku ya somo kizungumze mapema na mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Mtu asipimwe akiwa ametoka tu kupanda mlima au kunywa kahawa. Aketi kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, bila kuongea. Namba ziandikwe kwenye kadi yake, na atakayepata 140 kwa 90 au zaidi apewe tarehe ya kupimwa tena, na jina la mtu atakayekwenda naye.